Haibiskasi zina madoa: kabla ya kununua dawa nyingine, chuma jani ulitazame

SWALI: Shikamoo bwana shamba. Nyumbani kwetu Raskazone, Tanga, tuna uzio wa haibiskasi upande wa bahari na upande wa barabara. Nyingi ni zile nyekundu za kawaida, kuna chache za rangi ya chungwa, na kuna mashina ya yale maua yanayoning'inia yenye petali zilizochanikachanika. Tangu masika yaanze majani yana madoa. Mengine ni meusi madogo, mengine ya kahawia yamezungukwa na njano, na mashina yaliyo karibu na ukuta majani yake mapya yamepauka. Kijana wetu humwagilia kila jioni kwa mpira, na fundi wa bustani hupita kila mwezi kukata uzio. Dukani waliniuzia dawa ya ukungu, nimepuliza mara nne, madoa hayatoki. Nikaongeza dawa ya wadudu, majani yakaanza kupukutika. Jirani ananiambia ning'oe yote nipande upya. Nimeambatanisha picha. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mama, na ahsante kwa picha, zimenisaidia sana. Nianze na lile la mwisho: usiung'oe uzio. Katika picha zote shina moja tu ndilo ninalolitilia shaka kiasi cha kulitoa, na nitakueleza ni lipi. Yaliyobaki yanarekebishika, na sehemu kubwa ya tiba yake haiuzwi dukani. Iko kwenye mpira wa maji na kwenye mkasi wa fundi.

Umepuliza mara nne, madoa hayakutoka, ukaona dawa imeshindwa. Hata dawa iliyo sahihi kabisa isingeyatoa. Mahali penye doa, chembe za jani zimeshakufa, na jani haliwezi kuziotesha tena. Doa litabaki hapo mpaka siku jani litakapoanguka. Kinachopimwa ni majani yatakayochipua baada ya wewe kubadili jambo fulani. Kwa hiyo kabla hujafanya lolote, chukua uzi wa rangi, ufunge kwenye vitawi vichache hapa na pale, chini kidogo ya ncha inayochipua. Majani yatakayotokea juu ya uzi ndiyo yatakayokupa jibu. Yaliyo chini ya uzi yaache yamalize siku zake.

Jambo la pili ni kwamba uzio wako hauna ugonjwa mmoja unaoitwa madoa. Naona bakteria, naona ukungu, naona upungufu wa madini ya chuma, naona masizi yanayoletwa na wadudu, na katika lile shina moja nahisi virusi. Kila kimoja kina njia yake, na virusi havina dawa kabisa. Chupa moja isingeweza kuyamaliza yote hayo hata ungepuliza kila wiki. Muuza pembejeo naye, mteja akimwambia "majani yana madoa" bila jani mkononi, hana anachoweza kufanya zaidi ya kukisia.

Sasa chuma jani. Litoe ndani ya uzio, chini, upande wa barabara, pale ulipopiga picha ya madoa meusi madogo. Linyanyue juu ulitazame likiwa na mwanga nyuma yake. Utaona doa si duara. Lina kona. Kingo zake zimenyooka zikifuata mishipa midogo ya jani, na kwenye madoa machanga pembeni pana ukanda mwembamba unaopitisha mwanga, utadhani pamelowa mafuta. Hiyo ndiyo alama ya bakteria. Wanaosumbua haibiskasi mara nyingi ni wa jamii mbili, Pseudomonas na Xanthomonas. Huingia kupitia matundu madogo ambayo jani hupumulia, au kupitia mchubuko wowote, kisha huzaliana katika nafasi zilizo kati ya chembe za jani. Wakifika kwenye mshipa wanazuilika, kama maji ya jaruba yanavyokomea kwenye tuta, na doa linapata kona. Baadaye madoa yakiungana, kipande kizima cha jani huwa cheusi, jani hugeuka njano na kudondoka.

Bakteria hawa husafiri na maji. Tone la mvua au la mpira likipiga jani lenye doa hupasuka na kurusha vitone vidogo vilivyobeba bakteria, navyo huangukia jani la jirani. Jani la jirani likikauka upesi, hawapati nafasi ya kuingia. Likikaa limelowa kwa saa nyingi, wanaingia. Sasa utazame utaratibu wa nyumbani kwenu. Kijana anamwagilia jioni, jua limeshapoa, anaanzia juu kwa sababu vumbi la barabara linatoka na uzio unang'aa. Usiku hewa ya bahari ina unyevu, uzio umebanana, upepo haupiti ndani. Yale majani ya katikati yanalala yamelowa mpaka asubuhi jua likiwa kali. Na hali hiyo inajirudia kila siku, hata siku ambazo mvua imenyesha. Dawa unayopuliza nayo inasafishwa na maji hayohayo kabla haijafanya kazi.

Kwa hiyo badilisha umwagiliaji kwanza, kabla ya kununua chochote. Maji yaende kwenye shina, mpira ukiwa chini, bila kunyunyizia. Yatolewe asubuhi. Haibiskasi zilizokomaa ardhini kama zako hazihitaji maji ya kila siku: mwagilia kwa wingi mara mbili au tatu kwa wiki wakati wa kiangazi, na wakati wa masika acha mvua ifanye kazi yake. Ingiza kidole kwenye udongo. Kama chini ya tabaka la juu kuna unyevu, siku hiyo mpira upumzike. Chini ya uzio tandaza nyasi kavu, ili mvua ikipiga isirushe udongo na mabaki ya majani kuelekea juu. Ila yale majani ya haibiskasi yaliyoanguka usiyafanye matandazo. Yafagie, uyachome au uyafukie mbali na uzio, kwa sababu viini vya ugonjwa bado vimo ndani yake.

Kisha tuje kwa fundi. Mkasi mkubwa wa kunyoosha uzio hukata majani mamia kwa dakika chache, na kila jani lililokatwa katikati ni mlango uliofunguliwa. Akikata asubuhi majani yakiwa na umande au baada ya mvua, anapaka bakteria kutoka mwanzo wa uzio mpaka mwisho wake. Na kama mkasi huo umetoka kwa jirani, umekuja na vya jirani. Katika picha yako ya tatu, zile kingo kavu za kahawia zilizonyooka si ugonjwa hata kidogo, ni majani yaliyokatwa nusu yakakauka pale yalipokatwa. Ushauri wangu ni kwamba nunua mkasi wako mwenyewe, wa mkono, wa kukata tawi moja moja. Mwelekeze fundi asinyoe juu tu. Aingie ndani, atoe matawi yaliyokufa, yanayosuguana na yaliyosongamana, mpaka mwanga upenye katikati ya uzio. Afanye hivyo siku kavu, saa ambazo majani yamekauka, na asitoe zaidi ya theluthi ya mti kwa mara moja. Usiogope kupoteza maua: haibiskasi huchanua kwenye matawi machanga, kwa hiyo ukipogoa vizuri unaongeza maua ya baadaye.

Mkasi usafishwe kwa jiki, kipimo kimoja kwa vipimo tisa vya maji. Utoe kwanza utomvu na uchafu, kisha utumbukize makali kwa dakika chache kila unapohama kutoka kundi moja la mashina kwenda jingine. Mchanganyiko huo uchanganye siku hiyohiyo ya kazi, maana nguvu zake hupotea ukikaa. Ukimaliza suuza chuma, kausha, upake mafuta kidogo kisishike kutu.

Je, dawa ya kupuliza ina nafasi? Ipo, lakini ni ya kulinda. Dhidi ya bakteria zinazosaidia ni zile zenye shaba, kwa mfano kopa oksikloraidi. Zinakaa juu ya jani na kuzuia bakteria wasiingie, ila hazimfuati aliyekwisha kuingia. Mankozebu, ambayo huuzwa sana kama dawa ya ukungu, ikitumiwa peke yake haiui bakteria. Soma lebo ya ile uliyonunua, mahali palipoandikwa kiambato, utajua ulikuwa unapigana na nani. Kama utapuliza shaba, fanya hivyo asubuhi ya siku isiyo na mvua ili ikauke haraka, kwa sababu ikichelewa kukauka huunguza majani na utapata madoa mengine mapya. Fuata kipimo cha lebo. Usiifanye desturi ya mwaka mzima, maana shaba haiozi, hujilimbikiza kwenye udongo. Hakikisha bidhaa imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na uvae glovu na barakoa. Kama watoto wa nyumbani huwa wanachuma maua hayo kuchezea, au mnayakausha kwa chai, sehemu hiyo isipulizwe kabisa.

Yale madoa ya kahawia yenye duara la njano ni habari nyingine. Hayo ni mviringo, yanavuka mishipa midogo bila kujali, katikati yamepauka kuelekea kijivu na ukingo wake ni mweusi zaidi. Huo ni ukungu, na kwa sura yake naelekea kwenye jamii ya Serkospora. Yapo pia madoa makubwa zaidi yaliyoanzia kwenye ncha au ukingo wa jani, yenye miduara ndani ya miduara na vitone vyeusi vidogo sana. Hayo mara nyingi ni ya Koletotrikamu, ambayo hupenda kuingilia palipoungua na jua au palipojeruhiwa.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe nyumbani. Chukua majani mawili yenye madoa machanga, si yaliyokauka. Yaweke kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha, pamoja na karatasi laini iliyoloweshwa kidogo, upulizie hewa ndani, ufunge, uweke kivulini ndani ya nyumba siku mbili au tatu. Kisha tazama doa kwa lenzi ya kukuza mara kumi, pande zote mbili za jani. Ukiona vinyweleo vya kijivu au vitone vyeusi vimejitokeza juu ya doa, ni ukungu. Doa likiwa limelainika na kuwa na utelezi bila vinyweleo vyovyote, hoja ya bakteria inapata nguvu. Usichukue majani yaliyokufa kabisa kwa jaribio hili, kwa sababu jani lililokufa huota ukungu wa kawaida wa uozo ambao hauna hatia yoyote.

Ukungu wa madoa kwenye haibiskasi mara chache huua mti. Huyavua majani ya chini, mti ukaonekana mchovu, na kiangazi kikija huchipua upya. Kwa huo nisingekushauri utumie fedha nyingi. Maji yakishuka chini na hewa ikipita, utapungua wenyewe. Kama mvua ni za mfululizo na majani yanaanguka kwa wingi, hapo mankozebu au shaba, kila baada ya siku saba hadi kumi na nne kama lebo inavyosema, ikigusa na sehemu ya chini ya majani, italinda yale machanga. Na kama ni majani machache ya chini kabisa, yaliyozeeka, yenye madoa mawili matatu kisha yakageuka njano, yaache. Haibiskasi huangusha majani yake ya zamani mwaka mzima. Kuyapigania hayo ni kupoteza nguvu.

Sasa mashina ya karibu na ukuta. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni tatizo la pwani yetu nzima, kuanzia Lamu mpaka Mtwara, na watu hulipulizia dawa miaka nenda miaka rudi. Tazama picha uliyopiga kwa karibu: jani changa la juu limepauka, karibu la rangi ya malimau, lakini mishipa yake yote imebaki kijani, unaiona imechoreka kama wavu. Majani ya chini ya tawi hilohilo ni ya kijani kizuri. Ukungu na bakteria hawafanyi kazi kwa mpangilio huo. Huo ni upungufu wa chuma. Mmea ukishakipeleka chuma kwenye jani hauwezi kukihamisha tena, kwa hiyo njaa yake huonekana kwanza kwenye majani machanga. Upungufu wa magnesiamu au potasiamu huenda kinyume: huanza kwenye majani ya zamani, kwa sababu hayo mmea huyahamisha kuyapeleka juu. Magnesiamu hupausha katikati ya mishipa ya jani la zamani, potasiamu hukausha kingo zake.

Chuma chenyewe hakijakosekana kwenye udongo wenu. Kimefungwa. Ardhi ya Raskazone imekaa juu ya miamba ya matumbawe, ambayo ni chokaa, na kando ya ukuta kuna mabaki ya saruji ya wakati wa ujenzi, nayo ni chokaa vilevile. Udongo wenye chokaa nyingi huwa na pH ya juu, yaani uchachu mdogo, na pH ikipita 7 chuma hugeuka kuwa katika hali ambayo mizizi haiwezi kukinyonya. Haibiskasi hupenda udongo wenye uchachu kidogo, pH ya 6 na ushei. Kama mnatumia maji ya kisima chenye ugumu, yaani yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika, kila mkiyamwaga mnaongeza chokaa.

Kwa hiyo mambo mawili uyaache mara moja. La kwanza ni majivu. Najua majivu ya jikoni ni mbolea ya bibi zetu, na kweli yana potasiamu ambayo haibiskasi inaipenda, lakini yanapandisha pH, na kwenye udongo wa matumbawe yanazidisha njaa ya chuma. Yapeleke mahali penye udongo wenye uchachu, si hapa. La pili ni mbolea zenye fosforasi nyingi, kama DAP, kwa kutafuta maua. Fosforasi ikizidi nayo huzuia chuma kisipatikane, na haibiskasi haihitaji nyingi. Tafuta mbolea ambayo namba ya kati ya NPK, yaani ya fosforasi, ni ndogo kuliko ya mwisho, yaani ya potasiamu, na uigawe kidogo kidogo.

Kinachosaidia haraka ni chuma cha maji kilichotengenezwa kwa ajili ya udongo wa chokaa. Kwenye lebo utaona herufi EDDHA. Kile cha EDTA ni cha bei nafuu zaidi, lakini kwenye pH kama yenu hupoteza nguvu upesi kikimwagwa ardhini. Kinachosaidia kwa muda mrefu ni mboji na samadi iliyooza vizuri, kila msimu, ikitandazwa kwa upana wa kivuli cha mti bila kugusa shina. Una bahati, Tanga kuna kituo cha utafiti cha TARI Mlingano, huko Muheza, ambacho shughuli yake kubwa ni udongo. Chukua udongo sehemu kadhaa kando ya ukuta, kina cha kiganja na nusu, uchanganye, uupeleke upimwe. Ukishajua pH hutakuwa unakisia tena.

Masizi meusi uliyoniuliza pembeni mwa picha, jaribu kuyafuta kwa kitambaa chenye maji. Yakitoka na jani likabaki kijani, huo ni ukungu unaokula sukari tu, hauingii ndani ya jani. Sukari inadondoshwa na wadudu wanaofyonza walio juu yake: geuza majani ya tawi la juu utawakuta nzi weupe, vidukari, au vidung'ata, wale wenye unga mweupe mwilini wanaojazana kwenye vifundo. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwa mstari, umeshawapata, kwa sababu sisimizi huwalinda ili wapate hiyo sukari. Kwa uzio wa nyumbani mimi huanza na maji ya nguvu kutoka kwenye mpira, asubuhi, yakilenga chini ya majani, kisha sabuni ya maji kijiko cha chai kimoja kwa lita moja, baada ya kuijaribu kwanza kwenye tawi dogo na kusubiri siku moja. Matawi yaliyojaa vidung'ata yakate uyachome. Kama una bamia karibu na uzio, zikague pia. Bamia, pamba, choya na haibiskasi ni ukoo mmoja na hugawana wadudu.

Na hapa niseme kuhusu ile dawa ya wadudu uliyoongeza. Haibiskasi ni nyepesi kudhurika na baadhi ya viuatilifu. Malathioni inajulikana kwa kuiangushia majani, na daimethoeti nayo si rafiki yake. Kama mojawapo ya majina hayo liko kwenye chupa yako, basi majani yaliyopukutika hayakuangushwa na ugonjwa. Acha kuitumia, mwagilia vizuri, mti utachipua. Dawa kali za wadudu zina tatizo jingine: huua na wadudu wanaokula utitiri. Baada ya wiki chache majani huanza kuwa na vitone vya njano vidogo mno, vingi, kama pamechomwa kwa ncha ya sindano, na chini ya jani kuna utando mwembamba. Watu huona ni madoa mapya, wakapuliza tena, utitiri ukazidi.

Upande wa bahari, zile kingo zilizoungua kwenye majani yanayotazama upepo tu ni chumvi. Wakati wa kusi upepo huja na vitone vya maji ya bahari. Baada ya siku za upepo mkali, suuza majani ya upande huo kwa maji yasiyo na chumvi asubuhi na mapema, yakauke kabla ya adhuhuri. Hii, pamoja na ile ya kuwaondoa wadudu, ndiyo ruhusa ya pekee ya kulowesha majani, na si kila siku.

Limebaki shina ninalolitilia shaka, lile la rangi ya chungwa lililo jirani na geti. Majani yake hayana sehemu iliyokufa. Yana pete za njano hafifu, nyingine kamili, nyingine nusu, na mistari iliyopindapinda inayopita katikati ya mishipa bila kuifuata. Majani mengine ya tawi hilohilo ni mazima kabisa. Doa lililochorwa kwa rangi tu, bila jani kukauka wala kuoza, lenye umbo la pete, linanifanya nifikirie virusi. Kinachojulikana zaidi kwenye haibiskasi kwa dalili hizo huitwa Hibiscus chlorotic ringspot virus, kwa kifupi HCRSV. Kilielezwa na watafiti wa Marekani mwaka 1976, na baadaye kikaonekana katika nchi nyingine za joto, zikiwemo Malaysia na Singapuri. Husafiri kwa utomvu, yaani kwa mkasi, na kwa vipandikizi. Haibiskasi karibu zote tunazopeana mitaani ni vipandikizi, na kipandikizi kilichotoka kwenye mti wenye virusi huzaliwa navyo, hata kama siku ya kukatwa majani yake yalikuwa safi. Dalili huja na kujificha.

Kwa macho siwezi kukuapia kuwa ni virusi. Maabara ndiyo itakayosema. TPHPA wana maabara, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wana wataalamu wa magonjwa ya mimea. Piga simu kwanza uulize kama wanapokea sampuli ya aina hiyo na gharama zake. Chuma majani kadhaa yenye pete pamoja na mazima ya tawi hilohilo, yafunge ndani ya karatasi kavu ya gazeti, usiyaloweshe wala usiyatie kwenye plastiki kwa sababu yataoza njiani, andika tarehe na mahali, na utume Jumatatu yasije yakalala ghalani mwisho wa wiki. Wakati unasubiri, shina hilo lisikatwe na mtu yeyote, na kama lazima likatwe basi liwe la mwisho, mkasi ukioshwa baada yake.

Majibu yakithibitisha, au kama hutaki gharama za maabara na shina lenyewe si la thamani kwako, ling'oe na mizizi yake yote ulichome. Pengo lililobaki usilijaze kwa kipandikizi cha shina hilo hata kama kinapendeza.

Nikuombe jambo moja kuhusu jirani anayetaka ung'oe yote. Yale mashina yako ya maua yanayoning'inia, yenye petali zilizochanika, ni Hibiscus schizopetalus. Huo si mti wa kigeni. Asili yake ni pwani hii hii ya Kenya, Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, na wazalishaji wa maua duniani wameutumia kupata aina nyingi za haibiskasi zinazouzwa leo kwa bei kubwa. Wengi wanaoupanda hapa hawajui kuwa ni wa kwao. Kwenye picha zako mashina hayo yana madoa machache ya bakteria chini na basi, hayana sababu ya kufa. Ukitaka kujaza pengo la getini, kata kipandikizi chako hapo: tawi lisilo changa sana wala gumu sana, urefu wa kiganja, majani mawili ya juu yakipunguzwa nusu, kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, kivulini. Anza masika yakishapungua, na mkasi uwe umeoshwa.

Nitumie picha ya majani yaliyo juu ya uzi baada ya wiki sita hivi, pamoja na jina la kiambato cha zile dawa mbili ulizotumia.